Kiapo cha Harcombe

Mimi ni nesi, tena wa chumba cha upasuaji, na nawaambia uvimbe kama ule wa kaka yangu unatolewa leo, kesho mtu anakunywa uji. Lakini Douglas amekataa kisu. Yuko Machakos, anazidi kukonda, na mimi niko hapa Hayes, London, nagombana na simu.

Anasema ni kiapo. Zamani Waingereza walipoanza kutawala kwetu, mkuu wa wilaya mmoja aliyeitwa Harcombe aliwahamisha babu zetu kutoka kando ya mto. Askari na bunduki hazikumtosha. Alikuwa mjuaji, mila zetu amezisoma, basi akaketi na wazee wakala kithitu, kile kiapo kikubwa cha Wakamba: wa ukoo huu atakayerudi kulima pale, afe. Wazee wakala upande wao, naye akala wake. Baadaye akapandishwa cheo, akapewa nishani, akarudi London akafa kitandani, mzee kabisa. Kiapo akakiacha kwetu. Mwaka jana Douglas alinunua shamba kando ya ule mto. Tumbo likaanza kuvimba.

"Kinaondolewa na aliyekileta, au damu yake," aliniambia. "Mtu wa kwao aseme tu kwamba amekiondoa. Nikisikia hivyo, naenda hospitali siku hiyo hiyo."

Mimi ni mlokole, mambo hayo siyaamini hata kidogo. Lakini kama neno la Mzungu litaniokolea kaka, nitalitafuta. Nilihangaika mtandaoni mpaka nikampata kitukuu wake, mwalimu mstaafu anayeishi Putney, hana mtoto wala ndugu. Mzee mpole. Aliniandalia chai na keki, akasikiliza yote, akavua miwani akalia.

Nikampigia Douglas kwa video. Alikuwa amelala, macho yameingia ndani, mkewe Mwende amemshikia simu.

"Naomba radhi," mzee alianza kwa Kiingereza. "Kwa ardhi, kwa dhuluma, kwa yote ambayo babu wa baba yangu aliwafanyia." Jamani, aliomba radhi mpaka chai ikapoa.

"Asante," nikamkatiza. "Sasa sema umekiondoa kiapo."

Akatikisa kichwa. "Hilo siwezi. Mzungu tena awaamulie mila zenu? Hivyo ndivyo alivyofanya yeye. Mamlaka hayo sina, na sitajipa."

Nilimbembeleza. Nilimweleza ule uvimbe kama ninavyowaeleza wagonjwa wangu. Nilipiga magoti kwenye zulia lake, mimi mtu mzima, na yunifomu yangu ya kazi. Akazidi kuona haya, akaniinua, akaniomba radhi kwa hilo pia. Angekuwa mtu mbaya ningemtukana nikatua mzigo.

"Dada," Douglas aliita. "Amekiondoa?"

Kiingereza anakijua vizuri, ningemdanganya nini.

"Bado," nikasema.

Douglas akamwashiria Mwende asogeze simu. "Basi mwambie nimemsamehe. Asilie, ni mzee."

Mwende akaishusha simu, nikaona dari, ikakatika.

Nikamtafsiria mzee. Akanishika mikono yote miwili, uso umemchangamka, akasema tangu azaliwe hajawahi kujisikia mwepesi hivyo. Akaniuliza kama anaweza kuja Machakos siku moja, amshukuru Douglas ana kwa ana.

Nikamwambia awahi.