Maziwa ya Kina Kimoja

Mpwa wangu wa kike aliingia karakana asubuhi, fimbo yake nyeupe ikipapasa njia katikati ya maranda.

"Shikamoo mjomba. Nimefuata ule ubao wangu. Leo namfunga mtu mdomo."

Haoni tangu utotoni. Anasomea ualimu wa jiografia, nami ndiye niliyemchongea ramani ya maziwa makubwa ya dunia aisome kwa vidole. Ubao aliuacha kwangu juzi niupige msasa pembeni.

"Mtu gani huyo?"

"Mhadhiri. Jana nilisema Ziwa Baikal na Ziwa Viktoria yana kina sawa, yeye akakataa, darasa zima likaangua kicheko. Nikawaambia, nyie mna macho, mimi nina mjomba. Leo nawapelekea ushahidi."

Nikaweka randa chini.

Kitabu nilikisoma mara mbili kabla ya kuchonga. Nilijua Baikal limekaa pale ardhi ilipopasuka na kuzama, na kina chake kinapita mita elfu moja na mia sita. Nilijua Viktoria ni mahali ardhi ilipobonyea taratibu, maji yakatulia kama kwenye sinia. Mita themanini hivi, basi. Lakini ubao ulikuwa mgumu na patasi butu. Nikayachimba yote kina kimoja, nikajiambia: nani ataona?

Nilisema hivyo juu ya mtoto wa dada yangu.

Alikuwa ameshaupata ubao mezani, kidole kimoja Baikal, kingine Viktoria. "Si unaona? Sawasawa kabisa."

"Mwanangu, mhadhiri hajakosea. Ni mimi. Nilijua, nikafanya uvivu."

Vidole vyake vikabaki palepale. Nilitamani anifokee.

"Na Tanganyika?"

"Hilo pia."

"Titicaca?"

"Yote, mama."

"Kumbe jana nilibishana kwa uvivu wa mtu."

Nikachukua patasi, nikasema namrekebishia sasa hivi. Akauvuta ubao kifuani.

"Usiuguse. Kipindi ni saa nne. Utaubeba wewe, utawaambia wewe."

"Mbele ya darasa zima?"

"Mimi nilichekwa mbele ya nani?"

Nikavua aproni, nikanawa mikono muda mrefu kuliko uchafu wake. Siku zote tukitoka pamoja hunishika kiwiko. Safari hii alitangulia na fimbo yake, nami nikamfuata nyuma, ubao kwapani.