Kisanduku Kinachouliza

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa ndani ya tangi la kuchanganyia sabuni, akikwangua ukoko na kuimba vibaya. Chini ya miguu yake yalilala mapanga ya mashine.

Mimi nilikuwa kwenye kompyuta, karibu na mdomo wa tangi. "Shemeji, punguza sauti, sabuni itagoma kutoa povu."

"Wivu tu huo!"

Ndipo taa ya kisanduku ikawaka nyekundu.

Kisanduku hicho, kidogo kama kiberiti, ndicho kilichoilinda mota isiwashwe ovyo. Akili kidogo, betri kidogo, ubishi wa mlinzi mpya: kila amri ikija, kinauliza swali jipya, na asiyejua siri yetu hawezi kujibu. Amri ilikuwa "Zungusha". Sisi hatukuituma. Mtu huko nje aliinasa hewani amri yetu ya asubuhi pamoja na jibu lake, sasa anairusha tena na tena, na jibu la asubuhi haliingii kwenye swali la sasa.

Kikakataa. Kikakataa tena. Lakini kila swali hula betri, na betri ilikuwa ukingoni. Ikifa, mota inarudi kwenye swichi ya zamani ya ukutani, iliyoungua ikagandia kwenye kuwaka, na mapanga yatazunguka.

Nikampigia simu mlinzi wa getini akazime swichi kuu, ng'ambo ya uwanja.

"Shemeji, toka! Sasa hivi!"

"Juzi ulisema kuna nyoka humu," akacheka, akaendelea kukwangua.

Meneja akaingia mbio, kidole mbele. "Tuma 'Simama'! Tuma!"

Nikamdaka mkono. "Bosi, hata hiyo itaulizwa swali! Utaimalizia betri!"

Nikainama kwenye mdomo wa tangi, nikashusha sauti.

"Kaka. Nakuomba."

Sijawahi kumwita kaka. Wimbo ukakatika. Nikasikia ngazi ikilia, haraka, haraka zaidi. Kichwa kikatokea, kisha mabega. Taa ikawaka, hafifu. Haikuwaka tena.

Mimi na meneja tukamvuta kwa kola na mkanda, tukaanguka wote watatu sakafuni. Ndani, mapanga yakaguna, yakashika ngazi, yakaitafuna kama muwa. Kisha umeme ukakatika; mlinzi alikuwa ameifikia swichi kuu.

Shemeji akautazama mguu wake mmoja usio na kiatu.

"Dada yako ataniuliza."

"Utamjibu mwenyewe," nikasema.