Mikono ya Hosiyat Ilibaki Kokand

Jumanne ile, saa sita kasorobo mchana, Kobiljon mwoka mikate alitoa mkate wa mwisho tanurini, akaupiga kofi mgongoni kuondoa majivu, akafunika tanuri kwa bati, akanawa uso, akapanda kwenye kitanda kipana cha mbao kilichoko uani chini ya mzabibu. Alivua soksi. Tombo wake, ndege anayekaa ndani ya kibuyu, alimtundika karibu na sikio ili amsikie vizuri. Kisha akaita chai.

Aliyeileta ni Hosiyat, mkewe, akiwa na unga hadi kwenye nyusi.

Wakati miti inachanua, daktari alikuwa amemsikiliza Kobiljon kifuani na kumwambia kwamba moyo wake una haraka kuliko mwenyewe. Kobiljon alirudi nyumbani akatangaza kuwa maisha ya mbio yamekwisha. Duka halitafungwa, maana wateja ni walewale waliokula mikate ya marehemu baba yake, lakini yeye kuanzia adhuhuri atakuwa mtu wa kukaa. Hakuwa mwongo. Tangu siku hiyo alikaa.

Mikate ya jioni ikawa inaokwa na Hosiyat. Unga wa alfajiri alikuwa akiukanda yeye tangu alipoolewa, kwa hiyo hakuna aliyeona tofauti, isipokuwa kwenye migongo. Mmoja ulinyooka.

Mtaa mzima wa nyuma ya soko la zamani la Kokand ulimsifu. Watu walisema Kobiljon amepata rangi. Kamati ya mtaa ilimwalika awaambie maneno mawili matatu wafanyabiashara wadogo, wale wanaokufa wakiwa na funguo za duka mkononi. Aliwaeleza kwamba siri ni kujua kuacha. Unaanza kwa kuacha saa moja, halafu mbili, halafu utaona kazi inakwenda yenyewe. Mshona viatu aliyekaa mbele aliandika maneno hayo kwenye kiganja. Walipiga makofi. Hosiyat hakuwepo, kulikuwa na mikate tanurini.

Basi Jumanne hiyo, alipokwisha kuweka birika, Hosiyat hakuondoka. Alisema wifi yake amepiga simu kutoka Rishton, kwao. Mama yake, Bi Salomat, hali tena chakula kizito na halalamiki, na ana ombi moja tu. Anataka Hosiyat aje amwoshe nywele na kumsuka. Wake za wanawe wanamwosha, lakini kwa haraka, kama mtu anayesuuza sahani wageni wakiwa mlangoni. Bi Salomat alikuwa na nywele za kufika kiunoni, nyeupe zote, na zilitaka mtu mwenye mchana mzima.

Rishton ni saa moja kwa gari, au pungufu dereva asiposimama kununua matikiti. Hosiyat hakuwa amekwenda tangu mwaka juzi.

Kobiljon alisema aende, tena akae siku tatu. Alikuwa mtu mwema, na ilikuwa baada ya chakula.

Kwa watu wa huko, anayesafiri huuma mkate mmoja, pembeni, mara moja, na mkate huo hutundikwa ukutani umngoje. Akirudi anaumaliza. Wameuma wanaokwenda jeshini, wameuma wanaokwenda kutafuta kazi Urusi, na nyumba nyingine zina mikate iliyokauka hadi inagongana kama vigae upepo ukivuma. Tursunoy, mama yake Kobiljon, alichagua mkate mzuri wa siku hiyo, akamshikia mkamwana wake mdomoni. Hosiyat akauma. Wakautundika kwenye msumari ulioko juu ya pipa la unga, na nguo zake akazifunga kwenye shali.

Jua halijazama akaja mtu wa harusi. Alitaka mikate mia tatu kwa asubuhi ya Jumamosi, na alikuwa amesoma darasa moja na Kobiljon. Kobiljon hakuona namna ya kukataa. Kukataa, alisema, kunamsumbua moyo. Mgeni alipoondoka alimwita mkewe, kama kawaida kwa jina la binti yao aliyekwisha kuolewa.

"Mama Nigora, utakwenda wiki ijayo. Siku tano sita ni nini?"

"Nimeshauma mkate," alisema Hosiyat.

"Si upo ukutani pale? Nani atauiba?"

Tursunoy alikuwa pembeni anachambua mchele. Alisema mkate hauumwi kwa majaribio kama chumvi ya mchuzi. Mtu akishauma ameshaondoka. Yeye ana miaka sabini na minne na hajaona aliyeuma akabaki.

"Sasa mama, nani abandike mikate mia tatu? Wewe?"

"Mimi nachambua mchele," alisema Tursunoy.

Hosiyat aliifungua shali, akazirudisha nguo moja moja kabatini.

Alfajiri Tursunoy alipoingia kwenye chumba cha unga kuchukua maji ya kutawadha, alikuta mikono ya mkamwana wake inakanda. Ilikuwa miwili, kuanzia viwiko kushuka. Hosiyat mwenyewe hakuwepo, wala viatu vyake, wala shali. Tursunoy alisalimia. Mikono ikasimama kidogo kwa adabu, kisha ikaendelea, kwa sababu unga ulikuwa katikati.

Alimwamsha mwanawe. "Mkeo kaenda. Mikono imebaki."

"Yote miwili?"

"Yote miwili."

"Basi si haba," alisema Kobiljon, akajifunika tena mpaka mwanga ulipotoka.

Mikono ilifanya kazi vizuri. Ilitembea juu ya meza kwa vidole, ikapima unga, ikagonga muhuri wa maua katikati ya kila mkate, ikaingia ndani ya tanuri kubandika bila kuvaa mfuko wa kukinga moto. Haikusimama kula. Jirani yao Mavjuda, ambaye huchukua mikate miwili kila asubuhi, alipokea miwili yake dirishani, akashukuru, akauliza Rishton hawajambo. Mkono wa kushoto ulimfungia mikate kwenye gazeti. Mavjuda alimwambia Tursunoy kwamba hiyo ndiyo faida ya kumlea vizuri mkamwana tangu mwanzo.

Hosiyat alifika Rishton saa tatu asubuhi. Dereva alimfungulia mlango na kumbebea mzigo, akamwonya kuhusu kizingiti. Mahali mikono ilipoishia palikuwa pamefunga laini kama kitovu.

Bi Salomat alikuwa amekalishwa kwenye godoro karibu na dirisha, nywele zimefunguliwa tayari, beseni limewekwa, kitana kipo juu ya taulo. Alimtazama binti yake usoni kwanza, kwa muda mrefu. Kisha akatazama mikono ya gauni.

"Mikono iko wapi, mwanangu?"

"Imebaki kwenye unga, mama."

"Inakuja lini?"

"Kuna harusi Jumamosi."

Bi Salomat alifikiri. "Mume wako hajambo moyo?"

"Hajambo. Anapumzika."

"Vizuri. Baba yako hakujaliwa kupumzika." Akasogea kidogo kwenye godoro. "Basi kaa tu."

Hosiyat alikaa. Maji ya kwenye beseni yalipoa, wakayabadilisha, yakapoa tena. Mchana wifi yake, Manzura, alimlisha supu kijiko kwa kijiko, mama na binti kwa zamu, akasema kwa utani kwamba yeye ameolewa kwenye kiota cha ndege. Bi Salomat alicheka. Manzura alitaka kumwosha nywele mama mkwe wake, akaambiwa angoje, ile mikono itakuja.

Alhamisi Hosiyat alimwomba Manzura ampigie Kobiljon na kumshikia simu sikioni. Hakuwa na maneno mengi. Alitaka mikono ipakiwe kwenye gari la Rishton kwa mchana mmoja tu, itarudi na gari la alasiri.

Upande wa pili tombo alisikika vizuri.

"Mama Nigora, wewe mwenyewe unajua kazi," alisema Kobiljon. "Jumamosi ni harusi. Niache hadi Jumatatu, nitaipakia mimi mwenyewe. Haki ya Mungu."

"Jumatatu," alisema Hosiyat.

"Jumatatu. Na wewe pumzika huko, umechoka. Hata mama anasema."

Harusi ilikwenda vizuri. Mikate mia tatu ilifika ikiwa na joto, na watu waliuliza imeokwa wapi.

Bi Salomat alikufa Jumapili saa nne asubuhi, akiwa amekaa, nywele zimefunguliwa. Wakaja wanawake waoshaji. Binti ndiye mwenye haki ya kwanza ya kumwosha mama yake, na walimwachia Hosiyat nafasi kichwani, lakini haki ile hufanywa kwa mikono. Alisimama mahali hapo hadi wakamaliza. Walizisuka nywele misuko mitatu kwa dakika chache, kwa sababu kulikuwa na joto na kaburi lilikuwa tayari. Msuko wa kushoto ulikuwa umelegea. Hosiyat alimwambia mmoja wao, naye akasema ndiyo, dada, akaendelea kufunga sanda.

Jumatatu Kobiljon alitimiza ahadi. Aliifunga mikono kwa kitambaa cha kufunikia mikate, akaongeza mikate ishirini ya matanga, akamkabidhi dereva na kumwambia asiigeuze juu chini. Ilifika saa nne. Manzura aliifungua mbele ya wifi yake, akaushika kila mmoja na kuugusanisha na kiwiko cha Hosiyat. Ikakaa. Ilikaa kiasi cha kunywa kikombe cha chai, na Hosiyat aliweza hata kuinua kitana cha mama yake kutoka juu ya taulo. Lakini kutoka jikoni zilisikika bakuli zinarundikwa. Vidole vikaanza kusogea. Kitana kikaanguka, na mikono ikateremka gauni, ikapita katikati ya waliokaa, ikaenda jikoni.

"Njooni," alisema Hosiyat, mara moja.

Mkono wa kushoto uligeuka. Wa kulia ulikuwa umeshashika sufuria.

Iliosha bakuli za watu wote waliokuja kuzika. Wanawake wa Rishton walisema mikono ile imefunzwa. Alasiri dereva akaifuata, kwa kuwa Kobiljon alikuwa ameagiza irudi na gari hilohilo, unga wa Jumanne haujakandwa.

Hosiyat alirudi Kokand siku saba za matanga zilipokwisha. Tursunoy alimpokea kwa kilio cha dakika tatu kama inavyotakiwa, halafu akautungua ule mkate, maana aliona kosa lote liko pale. Aliulowesha kwenye chai, akamlisha mkamwana wake kipande kwa kipande hadi ukaisha, hata chembe za kwenye kitambaa. Wakangoja. Chumba cha pili mikono iligonga muhuri, ta, ta, ta. Tursunoy alisema basi, ndiyo haki yake. Aliyeuma amekwenda na amerudi, hapo mkate umetimiza wajibu wake. Mikono haikusafiri, mkate hauihusu.

Kwa kuwa hakukuwa na kazi aliyoweza kuifanya, walimpandisha kwenye kitanda cha uani.

Sasa wanakaa wawili. Kobiljon upande wa kibuyu, Hosiyat upande wa ukuta, na wapita njia hupunguza mwendo langoni. Wanasema wale wawili wamelipata jambo ambalo wengine wanalitafuta hadi wanakufa. Duka halijawahi kuuza kama mwaka huu. Kamati ya mtaa imewaomba waje pamoja safari hii, mke naye akae meza ya mbele.

Wiki iliyopita alikuja mwoka mikate wa kutoka Margilan, amekonda, macho mekundu, amekuja na mkewe kujifunza. Kobiljon alimkaribisha kitandani, akamweleza kwa utaratibu, kuanzia ile saa moja ya kwanza. Mgeni aliuliza kama mke atakubali. Kobiljon alimwambia aanze yeye, mke atafuata, kama yeye alivyofuatwa.

Mke wa mgeni alikuwa amekaa karibu na Hosiyat. Alikuwa anaitazama mikono ya gauni, iliyofungwa mafundo mwishoni isiburuzike. Aliinama.

"Dada, inauma?"

"Haiumi."

"Hata kidogo?"

"Mwanzoni nilikuwa nasikia unga," alisema Hosiyat. "Nilikuwa najua kama una maji mengi. Siku hizi sisikii."

Yule mwanamke alivuta mikono yake ndani ya shali.

Chai ilikuwa imefika. Kobiljon alimimina, akapuliza, akajaribu kwanza kwa midomo yake isije ikamuunguza mkewe, kisha akamsogezea kikombe kinywani. Alimnywesha taratibu, bila kumwaga hata tone, maana wakati alikuwa nao.