Blanketi la Mkwe

Jua la Ufaransa lilikuwa limekataa kuzama, nami nilikuwa nimekataa kuingia ndani. Nilikaa kwenye ukuta mfupi wa mawe, mkoba mapajani, koti langu la mtumba la Gikomba limefungwa vifungo vyote ingawa jioni ilikuwa na joto, nikiitazama nyumba tuliyokodishiwa. Ilikuwa nyumba nzuri, sitadanganya. Mawe yake yalikuwa na rangi ya maandazi yaliyoiva, mlango wa bluu umebabuka, na waridi lilikuwa limepanda ukutani hadi dirisha la juu. Vyumba viwili, ngazi moja, paa moja. Hilo paa moja ndilo lililonishinda.

"Mathe, ingia basi," Mitchelle akasema. Mwanangu alikuwa mjamzito, miguu imevimba kwa safari. "Umechoka, mimi nimechoka, chakula kinapoa."

"Nitalala kwa gari."

"Kwa gari! Nimekutoa Maringo nije nikulaze kwa gari?"

"Mume wako analala ndani. Nitalalaje chini ya paa la mkwe wangu?"

"Si paa lake! Tumekodisha!"

"Usiku huu ni lake."

Akaketi kando yangu, akacheka kwa hasira. "Hapa si Maragoli, Mathe."

Nilijua. Lakini mimba aliyoibeba ilikuwa nusu ya Maragoli, nami sikutaka kuichezea. Mama yangu alinilea nikijua kwamba mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawatazamani usoni, wala hawalali chini ya paa moja, mpaka siku mkwe atakapoleta blanketi mlangoni kwa mama mkwe na kumfunika mabega mbele ya watu. Baada ya hapo wanakuwa kama mama na mtoto. Bastien, mume wa Mitchelle, hakuwahi kufika mlangoni kwangu. Walioana huko huko, nami harusi niliiona kwenye simu, nimeketi kitandani kwangu Maringo na kitambaa kipya kichwani.

Sasa walikuwa wamenialika tutembee mashambani kuona miji ya kale kabla mtoto hajaja. Nyuma ya matembezi hayo kulikuwa na ombi. "Nani atanikanda, Mathe?" Mitchelle aliniuliza pale uwanja wa ndege, hata kabla hatujasalimiana vizuri. Alitaka nibaki mpaka ajifungue. Na mimi ndicho nilichokuwa nimevukia bahari: kumwosha mjukuu wangu kwa mikono hii.

Bastien alikuwa amesimama mlangoni, akitusikiliza bila kuelewa. Mitchelle akamweleza kwa Kifaransa, mikono ikiruka. Nilingoja kusikia mtu akicheka. Nikasikia viatu vikizunguka nyuma ya nyumba, kisha ufagio. Uani palikuwa na kibanda cha mawe chenye tanuri la mkate la zamani, na kilikuwa na paa lake lenyewe. Alifagia majivu na utando wa buibui, akabeba godoro kichwani, akalitandika. Alipomaliza akasimama amenipa mgongo.

"Mirembe, Mama," akasema. Salamu ya kwetu, aliyofundishwa muda ule ule.

"Mirembe," nikaujibu ule mgongo.

Nililala nikinusa mkate wa watu waliokufa zamani.

Tangu hapo, kila mji tuliokwenda aliuliza kwanza kama kuna kijumba cha pembeni. Kwenye gari alikigeuza kioo ili macho yetu yasikutane. Ndiyo maana Ufaransa yangu ina kisogo katikati: masikio mekundu kwa jua, nywele za rangi ya nyasi kavu, na huku na huku mashamba ya alizeti, vichwa vimeinama kama watu kanisani wakati wa sala ndefu. Najac, ngome yake imebaki juu ya kilima kama jino la mwisho la mzee. Conques, mapaa ya mawe meusi yamepangwa kama magamba ya samaki. Kengele zikilia, njiwa huruka wote pamoja, halafu kinakuja kimya. Mimi ni mtu wa Maringo. Redio ya jirani huimbia ndani ya ukuta wangu. Kimya kile kilinifanya nimtazame sana mwanangu, kwa sababu nilimsikia hata akipumua.

Mji mmoja, jina limenitoka, ulikuwa na birika kubwa la mawe chini ya paa, mahali ambapo wanawake wa zamani walifulia. Kingo zake zilikuwa zimelazwa kwa mteremko, na katikati zimelika. Ule ulikaji naujua. Uani kwetu kuna sinki la saruji la nyumba zote, limelika vivyo hivyo, kwa viganja na sabuni na maneno ya watu. Nikasogea nilishike lile jiwe. Lilikuwa limeota kijani, na mguu ukateleza.

Bastien ndiye aliyekuwa karibu. Niliuona mkono wake ukija, nauona hadi leo, una saa na vinyweleo vya dhahabu. Halafu ukasimama hewani. Akavua koti upesi, akashika upande mmoja, akanirushia mkono wa koti. Nikaukamata kwa mikono miwili. Tukabaki hivyo, yeye akitazama njiwa, mimi nikitazama maji, koti limenyooka kati yetu kama kamba ya kuanikia. Ulikuwa mkono mtupu, lakini ulikuwa bado na joto.

Mitchelle alicheka mpaka akashika tumbo. "Mathe, nyinyi wawili mtanizalisha hapa hapa!" Kisha akageuka upande, akapangusa macho.

"Mwambie habari ya blanketi," nikamwambia.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Bastien alitoka kwenye meza ya mfumaji mmoja na blanketi la sufu, rangi ya zambarau zilizoiva, ukingo mweupe. Alitaka kunifunika pale pale, kati ya jibini na vitunguu. Mabega yangu yalilitaka. Nikarudi nyuma.

"Mlangoni kwangu," nikamwambia Mitchelle. "Maringo. Majirani wakiona."

Akamtafsiria. Bastien akalikunja polepole, pembe juu ya pembe, akalirudisha ndani ya karatasi yake.

Matembezi yakaisha. Nyumba yao iko Toulouse, ghorofani, na ghorofani hakuna kibanda cha tanuri. Nilihifadhiwa siku chache na mama mmoja wa kanisa lao, lakini mgeni hakai kwa watu akingojea mtoto azaliwe. Uwanja wa ndege Mitchelle alinikumbatia, na safari hii hakutaja kukandwa. Tumbo lake lilikuwa kati yetu, nikahisi mjukuu wangu akipiga teke. Hajawahi kunikaribia zaidi ya siku ile.

Alizaliwa msichana, akaitwa Muhonja, jina langu. Namwona kwenye simu. Ananiita Guku, yaani bibi, ananionyesha meno yanayong'oka na mapya yanayoota. Bastien akipita nyuma yake huinamisha kichwa, anageuza uso, anasema "Mirembe, Mama," na siku hizi anaitamka kama mtu wa Mbale, kwetu Maragoli. Kuja wanasema watakuja. Mara kifua cha mtoto, mara kazi, mara mama yake Bastien anaugua. "Mwakani, Mathe." Sigombani nao. Simu ikiyumba, naliona blanketi juu ya kabati lao, bado limo ndani ya karatasi yake.

Baridi ya Julai hii ina meno. Jana Nthoki, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alinikuta nimejifunga leso mbili na shuka juu yake.

"Mama Mitche, unataka kutufia hapa tuaibike? Si ushuke Gikomba, blanketi zimejaa huko kama mchanga!"

"Ninalo."

"Liko wapi?"

Nikammiminia chai.

"Liko njiani," nikasema. Akatazama mlango, nami nikautazama.