Fulana Isiyo na Maandishi

Siku kinyozi alipoileta ile fulana kwenye chumba cha ushonaji cha dada yake, sote tulicheka, na mimi ndiye niliyeanza. Sijifichi. Mtu amejinyima chakula cha mchana miezi saba, anakuja na boksi gumu kama la viatu vya harusi, ndani yake karatasi laini, na ndani ya karatasi fulana. Nyeupe pe. Haina picha, haina maandishi, hata mfuko haina.

"Maneno yako wapi?" mpiga pasi wetu aliuliza. "Au yanatokea ukishaifua?"

"Haina maneno."

"Basi wamekuuzia fulana ya ndani, baba. Pole sana."

Dada yake, ambaye ndiye fundi na ndiye aliyemlea, aliitazama mara moja tu akarudi kwenye sketi zake za shule. "Kwa bei hiyo ungeninunulia cherehani, na kiti chake."

Hapo ndipo uso wa kinyozi uliposhuka. Sisi wengine tungemcheka mpaka kesho, asingejali. Alichotaka ni dada yake aseme neno zuri. Akaitundika fulana nyuma ya mlango, akatuomba tusiiguse: Jumamosi alikuwa ameitwa kujaribiwa kazi kwenye saluni ya hoteli, ile yenye vioo mpaka sakafuni, na alitaka kuivaa siku hiyo. Kisha akaondoka.

Sasa, kumwachia fundi nguo asiyoielewa ni sawa na kuniachia mimi simu ya jirani ikiwa haijafungwa. Alhamisi mchana fundi alinawa mikono, akaenda mlangoni, akaishika shingo ya fulana. Akaivuta. Ikarudi. Akaivuta tena.

"We, njoo hapa," akaniita. Kazi yangu ni vifungo na kukata nyuzi, kwa hiyo macho bado ninayo. "Mshono wa ubavuni unauona?"

"Siuoni."

"Haupo! Imefumwa mviringo kama soksi. Hebu shika bega."

Nikashika. Kwa ndani ulipita utepe mwembamba kutoka bega hadi bega, umefunika mshono wote usimkwaruze mtu. Nguo ilikuwa nzito, lakini ilitulia mkononi kama mtoto aliyelala.

Fundi aliwahi kujaribu kushona fulana za kuuza. Wateja walizirudisha, shingo zimelegea kama mdomo wa kikapu cha sokoni. "Naangalia tu," alisema, na wembe tayari ulikuwa mkononi. Nami, Mungu anisamehe, nilimshikia kitambaa.

Alifumua nusu ya shingo, na siri ikatoka. Ukanda wa shingo ulikuwa mfupi kuliko tundu lenyewe. Walikuwa wameunyoosha huku wakishona, ndiyo maana ulikuwa unabana wenyewe. "Kumbe!" fundi akacheka, kama mtu aliyepewa umbea wa nyumba ya jirani.

Balaa lilikuja kwenye kurudishia. Cherehani yake ilikuwa na sindano kali ya sketi. Kitambaa cha fulana kinataka sindano butu, inayosogeza nyuzi pembeni. Ile kali inazikata. Alipoinua nguo, vitundu saba vilikuwa vimejipanga nyuma ya shingo kama sisimizi.

Na kinyozi huyo mlangoni. Umeme ulikuwa umekatika kazini kwao.

Mpiga pasi akaweka pasi chini.

"Dada. Umefanya nini?"

"Nimeifumua. Nilitaka kujua wamewezaje." Badala ya kuomba radhi, akaigeuza fulana ndani nje, akamvuta mdogo wake kwa mkono. "Tazama. Hakuna uzi hata mmoja unaoning'inia. Aliyeshona hii hakukimbizwa na mtu. Mdogo wangu, hukuibiwa."

"Sema tena."

"Hukuibiwa. Nimeiharibu mimi."

Kinyozi akakaa juu ya rundo la sketi. Akapitisha kidole kwenye utepe, polepole. "Ilibidi uikate ndipo uione?"

"Ilibidi."

Ijumaa sketi za shule zilisubiri. Fundi alitafuta sindano butu, akaishona shingo upya, kisha akachomoa nyuzi kwenye pindo la ndani la fulana hiyohiyo, akaziba vitundu kwa mkono, kimoja kimoja. Vikabaki vivimbe saba vidogo. Ukivitafuta kwa macho huvipati.

Kazi kinyozi alipata. Ila pale hotelini kila mtu huvalishwa aproni nyeusi mpaka kooni, na fulana yake haikuonekana hata pindo.

"Kwa hiyo hakuna aliyeisifia?" mpiga pasi akauliza Jumamosi jioni, kicheko kiko tayari.

Kinyozi akainama, akamgeuzia shingo. "Pitisha kidole hapo. Mkono wa dada yangu huo."

Mpiga pasi akapitisha. Akahesabu vivimbe, akakitelezesha mpaka kwenye utepe wa bega, akakawia huko. Akakohoa.

"Eti, nyeusi wanazo?"

"Usiende kokote," fundi akasema bila kuinua kichwa, akichukua futi. "Inua mikono nikupime."