Mishazari ya Kipimo

Fundi viatu aliijenga nyumba yake mwenyewe, tofali kwa tofali, kwa miaka sita. Kenchi za paa alizipandisha pamoja na mdogo wake, seremala aliyeitwa Kipimo kwa sababu hakukata mbao kabla ya kuzipima mara tatu. Zilipokwisha kusimama, Kipimo akasema, "Kaka, tusiezeke kwanza. Hizi bila mishazari, mbao za kukingama za kuzishikanisha, ni walevi waliopanga mstari. Akiyumba mmoja, wote chini."

"Mvua iko mlangoni, wewe unaniletea utani! Kama kazi imekushinda, nenda kwako."

Kipimo akaenda kwake, na kaka akaezeka bila mishazari. Wakanuniana miezi minane, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Nimonia haikungoja; ikamchukua Kipimo.

Mwezi mmoja baada ya mazishi, saa saba mchana, mke wa fundi viatu aliacha kuchambua mchele akatazama dari.

"Baba watoto, nani anagonga huko juu?"

"Bati hilo, linatanuka kwa jua."

"Bati halina mpango. Hii ni nyundo. Tatu, kimya, tatu tena."

Siku tisa fundi viatu alijitia uziwi. Ya kumi akaegemeza ngazi, akajipenyeza juu ya dari na tochi mdomoni. Hapakuwa na mtu. Ila kila kenchi ilikuwa na alama ya penseli, na pembeni mwandiko wa Kipimo: *hapa*. Kumbe alishapima kazi yote kabla ya kufukuzwa.

Fundi viatu akanunua mbao, akaanza kufunga mishazari. Kila alipomaliza alama moja, ngo ngo ngo ikasikika kwenye alama inayofuata. Mara moja alikosea pembe. Huko mbele kukanyamaza, wala hakukugongwa tena mpaka alipong'oa misumari na kurekebisha.

"Haya, nimesikia," akanung'unika.

Mishazari ilipokwisha, mkewe akampandishia marobota ya sufi ya nyuzi za kioo ya kuzuia joto. Wakaitandaza juu ya dari nzima, ikiwawasha hadi viwikoni. Joto likakatika. Na kugonga kule kwa nyundo kukakatika.

Kimya kikamshinda fundi viatu. Akawa anakaa sebuleni shingo juu, chai inapoa.

"Si ulitaka anyamaze?" mkewe akamuuliza.

"Nilitaka. Sasa hata kunigombeza hanigombezi."

Kesho yake akaenda kwa shemeji yake, mjane wa Kipimo. Akavua viatu mlangoni, akasema kabla hajakaribishwa, "Shemeji, mdogo wangu alisema kweli. Zile kenchi zilihitaji mishazari."

Mjane alimtazama kana kwamba anasikia habari ngeni.

"Habari za kenchi hakunisimulia. Ila miezi ile yote mliyonuniana, kila usiku nikienda kufunga mlango alikuwa ananizuia. 'Usitie komeo,' anasema, 'kaka atakuja.'"

Fundi viatu akabaki pale pale, viatu mkononi, kizingiti kikiwa kigumu kuvuka kuliko ukuta.