Maneno Ndani ya Kochi

Kwa miaka ishirini na miwili Fundi alikuwa akiyavua makochi nguo kuukuu na kuyavisha mpya, na kila alipofumua moja alikuta kitu ndani: kitufe, jino la mtoto, barua ambayo mtu aliogopa kuituma. Shule aliiacha darasa la sita, lakini maneno hayakumwacha. Aliandika visa vya makochi hayo kwa penseli bapa ya seremala, kwenye upande wa ndani wa vitambaa alivyovua, maana karatasi karakanani haikuwapo. Jioni alipita shemeji yake, kaka wa mkewe, akasomewa, akachapa kwenye simu na kuweka kwenye blogu. Kitambaa kikishasomwa kilirudi kazini. Kilisokomezwa ndani ya mto wa kochi lililokuwa linashonwa siku hiyo.

Blogu haikumpa hata senti. Ilimpa watu. Mwanamke wa mbali alimwandikia kwamba ameghairi kuuza kiti cha marehemu baba yake. Fundi mwenzake, asiyemjua hata kwa sura, alimfundisha kukaza springi bila kuumiza vidole. Wasomaji elfu kumi na moja, kwa mtu ambaye mwalimu alimwambia kichwa chake ni cha kubebea mizigo tu.

Jumanne moja akaingia mkunga mstaafu, mteja wake na msomaji wake tangu mwanzo.

"Fundi, nimekuja kuchukua kiti changu. Usikishone tena."

"Mama, nimeshakifumua. Kimekosa nini?"

"Si wewe uliyesema jana? Kochi likipita miaka kumi ni nyumba ya wadudu, tulitupe, tukanunue jipya kwenye lile duka kubwa. Nikajiuliza, huyu anajifukuzia wateja, au amechoka kula?"

"Jana sikuandika kitu."

Mkunga akampa simu. Blogu ni ileile. Chini yake picha ya shemeji amevaa tai, na maneno: mwandishi wa blogu hii, sasa meneja wa matangazo wa duka. Neno la siri Fundi hakulijua. Hakuwahi kuliuliza. Nani anamwomba shemeji yake ufunguo?

Alimkuta shemeji dukani, katikati ya makochi yaliyofungwa nailoni.

"Karibu, shemeji. Kaa."

"Sikai. Mbao za haya ni za masanduku ya nyanya. Nirudishie maneno yangu."

"Punguza sauti, kuna wateja. Maneno yako yapi? Kila herufi nimechapa mimi, kwa vidole hivi. Wewe ulikuwa unaongea tu. Hata vinyozi wanaongea."

"Niliandika."

"Wapi? Nionyeshe karatasi moja."

Fundi akageuka kuelekea mlangoni. Ushahidi wake wote ulikuwa umetapakaa mjini, na watu wameukalia.

Kochi la karibu kuliko yote lilikuwa nyumbani kwake. Alilishona miaka mitatu iliyopita, wiki ileile blogu ilipoanza. Mkewe alikuwa amelikalia, anakunja nguo.

"Inuka kidogo."

"Mbona umerudi mapema?"

"Kaka yako ameiuza blogu."

Mkewe akainuka. Hakuuliza imeuzwa kwa nani. Hakuuliza lini. Fundi akasimama na wembe wake mkononi, akimtazama.

"Ulijua."

"Alisema atakueleza mwenyewe." Mkewe aliendelea kukunja shati ambalo lilikuwa limeshakunjwa. "Mwaka mzima hana kazi, baba watoto. Nikasema wewe una mikono yako, yeye hana kitu."

"Tangu lini?"

"Mwezi."

"Mwezi mzima unanipakulia chakula na umenyamaza."

Akapiga magoti, akafumua mshono wa mto. Chini ya sponji kilikuwamo kitambaa cha maua, na penseli bado inasomeka: *Leo nimeanza kuandika. Nimemsomea mke wangu kwanza. Amecheka palepale nilipotaka acheke. Nikikosa msomaji mwingine, huyu ananitosha.*

Mkewe alikisoma juu ya bega lake.

Fundi alikipiga picha, akaiweka kwenye ukurasa wake mwenyewe, uliokuwa na watu arobaini, wengi wao mafundi na majirani. Akaandika kwa kidole kimoja, polepole: "Mwenye kochi nililolishona miaka hii mitatu, pasua mto uone mwandiko wa nani umo ndani. Nitakushonea bure."

Jibu la kwanza lilitoka kwa mkunga. "Kiti changu kibaki huko huko. Hapa naanza na kochi la sebuleni, mkasi ninao mkononi. Nikikuta wadudu nitakwambia."

Fundi akacheka. Akageuka na simu amwonyeshe mkewe, kama alivyozoea miaka yote mitatu, na mkono ukamfia njiani. Akaishusha simu.

"Hicho kitambaa," mkewe akauliza, "utakirudisha ndani?"

Fundi alirudisha sponji, akavuta uzi, akashona mto mishono midogo ya karibu karibu, kama anavyoshona kazi ya mteja. Kitambaa alikikunja mara nne, akakitia mfuko wa shati.

"Kaa sasa," akasema. "Mto umekwisha."

Mkewe alibaki amesimama.